Geji Mbili za Mtiifu

"Rangi hazijibu swali," alisema Mwalimu kwa mara ya tatu, na safari hii aliigonga kaunta kwa kidole. "Nikikuuliza mtoto ana joto kiasi gani, utaniambia ana joto la njano?"

"Dada, kijani ni nzima, nyekundu ni mbovu. Hata aliyelala anaelewa," alijibu mdogo wake.

"Taa za barabarani zina rangi hizo hizo. Nina miaka tisa nafundisha udereva, na kila siku naona watu wazima na akili zao wanapita kwenye nyekundu huku wananipungia mkono."

Mwuza vipuri, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, aliacha kupanga boliti zake, akavuta kigoda, akakaa. Alishaona kwamba ugomvi huu haukuwa wa kuusikiliza kwa kusimama.

Juu ya kaunta kulikuwa na maboksi mawili wazi, na ndani yake vipimo viwili vya kazi moja. Unafungua plagi, unapuliza upepo wa kompresa ndani ya silinda iliyofungwa, halafu unatazama kiasi gani kinatoroka. Injini nzima huushika upepo wake. Injini iliyochoka huuachia, na mahali inapouachia ndipo penye ugonjwa. Kipimo cha kwanza kilikuwa na geji moja iliyopakwa kijani, njano na nyekundu, bila namba hata moja. Cha pili kilikuwa na geji mbili zilizokaa bega kwa bega kama macho ya bundi, namba zake zimeanzia sifuri hadi mia.

"Sasa geji mbili za nini?" alilalamika mdogo wake, ambaye watu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi. "Mtu ana moyo mmoja, anapimwa na kifaa kimoja."

"Ya kushoto inaonyesha upepo ninaoutuma. Ya kulia inaonyesha upepo uliobaki. Nikituma mia nikabakiwa na tisini, kumi umetoroka. Hiyo ni hesabu. Hicho chako ni pazia."

"Haya, stashahada imeongea."

"Imeongea. Wewe ulisoma chuo cha grisi, na vyeti vyako vyote viko kwenye kola ya shati."

Mwuza vipuri alicheka hadi miwani ikateleza. Fundi naye alicheka, ila kwa shingo upande, akashika kola yake kuitazama.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Alitoa mfukoni plagi kuukuu iliyofungwa kwenye kitambaa, akailaza ubavuni mwa kiungio cha mpira wa upepo, akahakikisha nyuzi zinaingiana bila kulazimishwa. Kisha akaomba kipimo kipelekwe kwa mtu wa matairi, mlango wa pili, kifungwe kwenye kompresa.

"Unataka kupima kipimo?" aliuliza Fundi.

"Kisipounganishwa na injini hakina pa kuvuja. Kwa hiyo geji zote mbili lazima ziseme namba moja. Zikitofautiana hapa, huko mbele zitanidanganya kwa raha zao."

Zikatofautiana. Ya kushoto ilisema mia, ya kulia ikasema tisini na mbili, na ilisema hivyo kwa unyoofu wa macho makavu. Mwalimu akakifunga tena kipimo kwenye boksi na kuomba kingine. Kwenye hicho kingine, sindano zote mbili zilipanda pamoja kama watoto wa gwaride na kusimama kwenye mia bila kutikisika. Mwalimu alilipa, akambwagia mdogo wake boksi kifuani.

"Beba. Mchumba wako wa rangi tatu ummwage hapa hapa."

Walitoka mbio, na mbio hizo zilikuwa na sababu. Mtiifu, lile gari dogo jeupe lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, ndilo lililokuwa shule nzima ya udereva. Vingine vyote vilikuwa ukuta, chaki na benchi. Na kwa miezi minane sasa Mtiifu alikuwa anaisha nguvu. Kwenye kilima cha kwenda uwanja wa mtihani alipanda kama mtu aliyebeba friji mgongoni. Fundi alilisikiliza, akalinusa, akatangaza kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini imekufa, bado kuzikwa tu. Mzee wa Chuma, mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye lori la winchi, alipita mtaani mara moja kwa mwezi, na siku yake ilikuwa leo, saa sita mchana. Mwalimu alikuwa amempa neno lake: ikithibitika injini imekufa, lichukue. Shule ingefungwa, naye angerudi kwenye ile ofisi yake ya zamani ya kugonga mihuri ya mizigo, kando ya bwana aliyekuwa anapiga mluzi kwa pua tangu asubuhi hadi jioni.

"Nitaamini namba," alikuwa amemwambia Fundi. "Siamini pua yako."

Walipofika, lori la winchi lilikuwa limeshaegeshwa langoni. Mzee wa Chuma alikaa kwenye kivuli cha tairi lake, mwenye furaha kama mgeni aliyewahi karamu.

"Shikamoo mzee," alisema Mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Fanyeni taratibu. Mimi sina haraka, ila winchi yangu ina njaa."

Uwanjani, kwenye usukani wa Mtiifu, alikuwa amekwishakaa Bibi Gia. Alikuwa na miaka sitini na sita, fundi cherehani mstaafu, aliyepata jina hilo kwa mlio aliokuwa akiutoa kila alipobadilisha gia, mlio ambao Seremala wa jirani alisema ulimfundisha kunoa msumeno. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa barabarani. Ulikuwa wa sita. Ile mitano ya kwanza ilikwisha kwa namna moja: gari liliruka mbele kama limechomwa sindano. Katika ule wa tano kalamu ya msimamizi ilichora mstari kutoka juu ya fomu hadi chini, ukavuka hata sahihi yake mwenyewe.

"Mwalimu, nimevaa viatu vya bahati," alisema Bibi Gia.

"Vile vya mara ya nne?"

"Vile vilikuwa vya heshima. Hivi ni vya bahati."

"Basi baki hapo hapo, Bibi. Nina kazi kwa ajili yako."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Upepo wenye msukumo wa pauni mia ukiingia juu ya pistoni, huisukuma chini na kuizungusha injini, na spana ikiwa bado imeshika boliti ya kuizungushia inaweza kukuvunja mkono. Kwa hiyo mtu akae kwenye usukani, atie gia ya nne, akanyage breki, asiachie. Fundi akitaka kuzungusha injini kwa mkono, gia itolewe.

"Kukanyaga na kung'ang'ania," alisema Bibi Gia, akijiweka sawa. "Hapo umempata mwenyewe."

Fundi alifungua plagi nne, akazipanga kwenye kitambaa. Alichomeka mirija minne ya soda, mmoja kila tundu, ili aone pistoni ikipanda. Akaanza kuzungusha injini polepole kwa spana. Mirija ya nje, wa namba moja na wa namba nne, ilipanda pamoja; miwili ya katikati ikashuka pamoja, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Aliuchomoa mrija wa namba moja, akazungusha tena, kidole gumba kikiwa juu ya tundu lake, hadi akasikia upepo unakisukuma kidole. Akaurudisha mrija, akazungusha kidogo, ukafika juu kabisa.

"Bibi, tia nne. Kanyaga."

Mlio wa gia ukavuka ukuta. Seremala akachungulia.

"Zima msumeno, jirani," Mwalimu alimwambia. "Tunasikiliza."

Seremala akazima bila kubisha. Tangu siku ya kabati hakupenda kubishana na gari lile. Siku hiyo, miezi minane iliyopita, mwanafunzi mmoja mwenye haraka alilivusha gari hilo ukutani, akaingia nalo katika kabati la nguo lililokuwa linasubiri vanishi, na kutokea upande wa pili na mlango mmoja na kioo chake. Hakuna aliyeumia. Kabati lenyewe lilikuwa limeagizwa na mchungaji wa mtaa wa nyuma, na lilibidi litengenezwe upya. Mwalimu alicheka siku ile kama wengine wote, ila usiku hakulala, na tangu hapo alikuwa akiwatazama wanafunzi wake wote kwa jicho la mtu aliyekaa juu ya yai.

Kompresa ya Fundi ilijaa, ikajizima. Uwanja ukawa kimya hadi nzi akasikika. Fundi alifunga mpira kwenye silinda ya kwanza, akafungua upepo. Geji ya kushoto: mia. Ya kulia ikatetemeka, ikasimama.

"Tisini na moja," alisoma Mwalimu. "Tisa tu zimetoroka."

Akafungua kizibo cha oili, akainama, akasikia pumzi nyembamba, kama ya mtu anayelala mchana. Hiyo haikumtisha. Hakuna injini iliyozibwa kama chupa. Kidogo lazima kipite kando ya ringi. Kwenye bomba la moshi kimya. Kwenye kabureta kimya. Ndani ya rejeta hakuna hata povu.

"Pua yako imesema nini hapo, mdogo wangu?"

"Moja siyo nne, Dada. Usianze kupiga vigelegele."

Langoni, honi ya lori ililia mara moja, kwa upole. Fundi akatazama jua, akatazama mirija, na hapo haraka ikampanda kichwani. "Namba nne nayo iko juu," alisema. "Ya nini nijichoshe kuzungusha?" Akauhamisha mpira moja kwa moja kwenye tundu la nne, akafungua.

Geji ya kushoto ikapambana. Ya kulia ikalala chali. Upepo ulitoka ukipuliza kwenye kabureta na kwenye bomba la moshi kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kama tairi la lori limechomwa, na karatasi ya kiberiti iliyokuwa nyuma ya gari ikaruka hadi miguuni mwa Mzee wa Chuma. Aliiokota akaitazama kama barua.

"Nne imekufa," alisema Fundi. "Nilisema."

Bibi akatoa gia, Fundi akazungusha nusu mzunguko. Sasa mirija ya katikati ndiyo iliyokuwa juu. Akapima namba tatu: tisini. Akapima namba mbili bila kugusa spana: sindano ikaanguka, upepo ukapiga kelele mbele na nyuma vilevile.

Mbili hai, mbili maiti. Mwalimu alisimama na mikono kiunoni, na ndani ya kichwa chake akaanza kuusikia ule mluzi wa pua, wimbo wenyewe, pale pale ulipoachwa miaka tisa iliyopita. Mzee wa Chuma alisimama, akajipangusa makalio, akaanza kuteremsha ndoano ya winchi kwa heshima, kama anayeteremsha bendera.

"Pole, mwanangu," alisema. "Limefanya kazi."

"Namba zimesema," alisema Mwalimu. "Nilisema nitaziamini."

"Mwalimu," ilisikika sauti kutoka dirisha la dereva. "Mimi nauliza tu."

"Uliza, Bibi. Usiachie breki."

"Siachii. Hiyo namba nne, imepanda ya kubana au imepanda ya kutema?"

Fundi alicheka kwanza. Seremala akafuatia toka ukutani, kisha Mzee wa Chuma, ambaye hakujua anacheka nini lakini hakutaka kubaki nyuma. Mwalimu naye alianza kucheka, akafika katikati, akaishiwa. Aligeuka polepole kuutazama ukuta wa darasa.

Kila Jumatatu, kwa miaka tisa, aliwasimamisha wanafunzi mbele ya ukuta ule wenye michoro minne ya chaki, akawaimbisha kwa mikono: vuta, bana, lipua, tema. Wengi waliusahau wimbo huo kabla ya Jumanne. Bibi Gia, ambaye alishindwa mitihani mitano, alikuwa ameihudhuria Jumatatu hiyo mara ishirini na saba. Na pale ukutani, kwa mkono wa Mwalimu mwenyewe, kulikuwa na michoro miwili ambamo pistoni inapanda. Katika mmoja milango yote imefungwa. Katika mwingine iko wazi.

"Mirija," alisema Mwalimu. "Fundi, hii mirija ni mijinga."

"Imekukosea nini?"

"Pistoni inapanda mara mbili. Mara moja inabana, valvu zimefungwa. Mara ya pili inatema, valvu ya moshi iko wazi, na ikifika juu na ya petroli imeshaanza kufunguka. Mrija unaona imepanda, basi. Haujui imepanda kufanya nini. Moja na nne zinapanda pamoja, lakini moja ikibana, nne inatema. Tumepuliza upepo kwenye nyumba iliyoacha milango wazi, tukasema kuta zina matundu."

Fundi alitazama kidole gumba chake, kilichopima silinda moja tu na kisha kikapewa likizo.

"Ndiyo maana zilivuja mbele na nyuma kwa pamoja," alisema taratibu. "Dada, hili tusilisimulie mtaani."

"Nitalisimulia kwenye harusi yako. Zungusha."

"Mzee," alipaza sauti Bibi Gia, "shikilia hiyo ndoano hapo hapo."

Ndoano ikabaki inaning'inia. Gia ikatolewa kwa mlio wake. Fundi alizungusha nusu mzunguko, na safari hii kidole gumba kilikuwa kazini, upepo ukakisukuma. Gia ya nne, breki, kimya. Silinda ya nne ikafunguliwa upepo. Sindano ya kulia ilishuka kidogo, ikafikiri, ikasimama.

"Tisini na mbili," alisoma Mwalimu, na sauti yake ilipanda juu kidogo kuliko alivyokusudia.

Nusu mzunguko mwingine. Silinda ya pili: tisini na moja.

"Tisini na moja, tisini na moja, tisini, tisini na mbili," alisema Fundi. "Hii injini inanizidi mimi afya."

Mwalimu alishika geji zote mbili mkononi kama anayemshika mtoto mashavu, akazitazama, kisha akacheka kicheko kilichomkunja hadi akashika bampa. Fundi alikaa chini kwenye grisi. Seremala alipiga ukuta kwa kiganja. Mzee wa Chuma, ambaye mzigo wake ulikuwa unamponyoka mbele ya macho yake, alicheka kuliko wote, na winchi ikamponyoka pia, ndoano ikadunda ardhini. Bibi Gia peke yake hakucheka. Alikuwa amekaza mguu kwenye breki hadi goti linatetemeka.

"Niachie?" aliuliza.

"Achia, Bibi. Achia mama yangu."

Furaha ilidumu kama dakika mbili. Kisha Fundi, akifunga plagi, akauliza lililokuwa linasubiri kuulizwa.

"Kama injini ni nzima, Mtiifu anashikwa na nani kule kilimani?"

Mwalimu alitazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu. "Twende tukamwulize."

Wakaingia. Fundi kwenye usukani, Mwalimu kwenye kiti chake cha miaka yote, Bibi Gia nyuma katikati, mkoba wake wa mtihani magotini. Mzee wa Chuma na Seremala walifuata kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuukosa mwisho. Nje ya lango barabara ilianza kupanda mara moja. Fundi alitia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta. Injini iliunguruma kama simba. Gari lilipanda kama friji.

"Unaona?" alisema Fundi. "Mbona linavuta hivi? Nakanyaga hadi mwisho. Na zile pedi za breki, Dada, nimekubadilishia seti nne tangu mwaka uanze. Nne. Malori hayali hivyo. Mpaka nikawa nazirundika kwenye beseni, labda siku moja..."

"Mwalimu," alisema Bibi Gia kutoka nyuma. "Samahani."

"Sema, Bibi."

"Ni ule mguu."

"Mguu gani?"

"Wako. Wa kulia."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kule chini, chini ya sketi yake ya kazi, mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa juu ya pedali ya pili kwa utulivu wa paka juu ya kochi. Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Akajaribu kukumbuka ameuweka lini, hakukumbuka. Ulifika pale siku ya kabati, na haukuwahi kushuka. Fundi alipolijaribu gari mwezi uliopita, yeye alikaa hapa hapa kumwelekeza. Mwezi wa kabla yake vilevile. Yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha, alifundisha.

Aliuondoa.

Mtiifu aliruka mbele kwa nguvu iliyowabandika wote kwenye viti. Nyuma yao Seremala, kwa mazoea, alijitupa pembeni. Fundi alisimamisha gari ukingoni, akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akashuka, akakaa barabarani, akacheka hadi machozi yakachora mistari kwenye grisi ya mashavu yake.

"Umelijua tangu lini?" Mwalimu alimwuliza Bibi Gia bila kugeuka.

"Toka somo la kwanza. Mimi nimekaa miaka arobaini kwenye cherehani, mwanangu. Nikikaa na mtu, macho yangu yanakwenda miguuni kwake."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani ni sehemu ya masomo. Wewe unashika, mimi nakanyaga mafuta kwa nguvu, tunakwenda. Nikasema ndivyo gari linavyoendeshwa, kwa ushirikiano. Lakini kule mtihanini yule msimamizi hanishikii."

Hapo Mwalimu akaiona mitihani yote mitano, mmoja baada ya mwingine. Mguu wa mwanamke uliozoea kusukuma gari lililofungwa breki, na siku ya mtihani gari limefunguliwa. Kalamu ikivuka fomu. Bibi akirudi nyumbani na viatu vyake vya heshima mkononi. Uso ulimwaka moto. Alitaka kusema jambo refu, lakini hakuwa mtu wa mambo marefu, na saa nane ilikuwa inakuja.

"Bibi, nimekuangusha mara tano."

"Mara tano na robo. Kuna ile ya mvua, iliyoahirishwa."

Mzee wa Chuma alikuwa amewafikia, anahema. Aliwatazama mmoja mmoja. "Basi mimi nafunga lori langu," alisema. "Ila nasikitika. Lori kurudi tupu ni mkosi."

"Halirudi tupu," alisema Mwalimu. "Nyuma ya darasa kuna beseni la pedi kuukuu, seti nne. Chukua zote. Na hazitaongezeka."

Kisha alivua viatu vyake, cha kushoto na cha kulia, akavipitisha dirishani na kumkabidhi Fundi, ambaye bado alikuwa chini.

"Shika. Nirudishie jioni. Bibi, pita mbele, kaa kwenye usukani."

"Na wewe?"

"Nakaa hapa." Mwalimu alipandisha miguu yote miwili juu ya kiti, akaikunja, akaikalia kama mtu anayesuka mkeka, vidole vya miguu vikiwa vimebanwa chini ya mapaja yake mwenyewe. Pedali ya pili ilibaki chini, peke yake, inang'aa kwa kukanyagwa. "Sikiliza. Robo ya ulivyozoea. Kama unasukuma cherehani yenye kitambaa cha hariri."

Bibi Gia alijiweka sawa. Akatazama kioo. Akatia gia ya kwanza, na kwa mara ya kwanza haikulia. Seremala akavua kofia. Breki ya mkono ikashuka. Mbele yao kilima kilisimama na kule juu, nyuma ya miti miwili, ulionekana uzio wa uwanja wa mtihani. Mtiifu alianza kupanda, laini, bila kuruka, bila kuunguruma. Mguu wa Mwalimu uliruka mara moja chini ya paja lake, akaubana. Ukaruka tena walipopita lori la mkaa. Akaukalia kwa uzito wote.

"Mwalimu, gia ya pili?" aliuliza Bibi Gia.

"Usiniulize mimi," alisema Mwalimu. "Mimi leo abiria."

Bibi akatia ya pili.